Blanketi la Nyumba za Majabalini

Habari ya kifo cha Bi Zuhura ilinikuta jikoni, nikikaanga vitunguu vya pilau. Binti yake aliniandikia kwenye simu kwamba mama alijilaza baada ya chakula cha mchana, nyumbani Tanga, na walipokwenda kumwamsha kwa sala ya alasiri hakuamka. Nilizima jiko nikakaa juu ya ndoo ya mchele. Vitunguu vilikuwa vimekaribia rangi ile aliyonifundisha yeye, kahawia iliyokolea, kidogo tu kabla ya kuungua, na baada ya muda niliona si haki kuviacha viharibike. Nikawasha tena, nikaendelea kukoroga, na machozi yakapata kisingizio.

Tulikubaliana kumsomea khitma Ijumaa, hapa hapa Guangzhou, katika chumba kile kile cha ghorofani alichokipanga yeye zamani na ambacho sasa nakilipia mimi. Asubuhi ya siku hiyo niliona mikeka haitatosha. Nikapanda juu ya kiti, nikateremsha kutoka juu ya kabati mfuko wa plastiki wenye zipu ambao sikuwa nimeufungua kwa miaka mingi. Ndani mlikuwa na blanketi. Nililikunjua juu ya kitanda, na zile nyumba zikatokea tena: genge la mwamba mwekundu lililobonyea katikati kama mdomo uliofunguka, na ndani ya mdomo huo, kivulini, kijiji kizima cha mawe. Kuta za mraba, mnara mmoja mwembamba, madirisha madogo meusi, ngazi za miti zilizoegemezwa, na mbele ya nyumba mashimo ya mviringo kama visima vikavu. Nyuma ya genge kuna jangwa, na jangwani majabali yamesimama moja moja, mengine membamba kama nguzo, mengine yana vichwa bapa kama meza. Katika picha yote hamna mtu hata mmoja. Nilikaa kando yake mpaka nikakumbuka kwamba nyama bado haijakatwa. Tangu siku ile naandika haya, polepole, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu haukuzoea kazi hii.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sauti yangu ilikuwa haitoki. Sikuwa bubu. Nikiwa peke yangu na mtu mmoja nilizungumza vizuri tu, lakini wakifika watu watatu koo lilifunga kama mlango wa duka. Jinsi nilivyopata pasi ya kusafiria na kufika huku ni habari ndefu, naiacha. Bi Zuhura hakuwa ndugu yangu wa damu ila nilimwita mama mdogo, naye alinileta nimpikie wateja wake. Wafanyabiashara wa kwetu walikuwa wanachoka na tambi, wakitoka kuzunguka masoko ya Shahe na Zhanqian wanataka wali wa nazi, samaki wa kukaanga, maharage, na mahali pa kuvua viatu. Chumba kilikuwa kimoja kikubwa. Upande mmoja tulilala sisi wawili, upande wa pili palitandikwa mikeka ya kulia, na jiko lilikuwa kwenye kibaraza kilichozibwa kwa vioo. Tui lilitoka kwenye makopo, nyama tulinunua kwa Waislamu wa Kichina waliokuwa na bucha chini ya jengo, na unga wa mahindi ulikuja ndani ya mabegi ya watu, umefungwa katikati ya nguo. Nilipika, nikapakua, nikanawisha watu mikono, na kwa kuwa sikusema neno, watu walizungumza mbele yangu kama mbele ya jokofu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mji. Nilijua laobani gani, maana ndivyo tulivyomwita kila tajiri wa Kichina, anashusha bei akipewa chai, na yupi akisema “mei you”, hakuna, anamaanisha kweli hakuna. Nilijua ni mume gani amepiga simu mara nyingi na mke gani hajapiga kabisa.

Nilipofika ilikuwa majira yale ya unyevu, na kwa mara ya kwanza niliona ukuta unatoka jasho. Maji yalichuruzika kutoka juu bila bomba wala mvua, yakaacha doa la kijani karibu na kitanda changu. Bi Zuhura alinicheka nilipoyafuta kwa kitambaa. Akasema mwanangu huo ni ukuta wa Guangzhou, ukiufuta utafuta mpaka urudi kwenu.

Yeye kwa miaka alikuwa mtu wa kuwatembeza wenzake. Mteja anakuja kutoka Dar au Mombasa, anampokea, anampeleka Xintang kwenye jinzi, anamsemea bei, anamsimamia mpaka mzigo unapakiwa, kisha anabaki anapunga mkono. Mwaka ule alitaka kuwa na mzigo wake. Aliwahi kuolewa Njombe, na kitu kimoja alichokumbuka kuhusu ndoa ile bila uchungu ilikuwa baridi ya kule, namna watu wanavyolala na makoti. Akaamua kutoa oda ya mablanketi mazito. Mwenye kiwanda alimfungulia kitabu cha picha, simba marara, mawaridi, tausi, farasi wanaokimbia, na yeye akaziruka zote kwa sababu kila soko la nyumbani lilikuwa limejaa mawaridi na simba marara. Mwishoni mwa kitabu akaikuta hii ya nyumba za majabalini. Aliuliza ni wapi, yule laobani akainua mabega, akasema ni picha tu. Bi Zuhura akasema, nyumba zenye kivuli kizuri namna hii, nani hatataka kujifunika nazo. Sampo, blanketi moja la mfano, ilipoletwa aliitundika kwa misumari ukutani, juu ya lile doa, ili wateja waione.

Kwa hiyo mimi niliishi na picha ile. Baada ya watu kula na kuondoka, mchana, kulikuwa na saa tulivu, vyombo vimeoshwa na Bi Zuhura yuko madukani, nami nilikuwa nalala ubavu nikiziangalia nyumba. Nilichagua moja kuwa yangu, ile ya kushoto yenye dirisha lililopinda. Nilijua mawe yalivyopangwa, jiwe pana chini, vijiwe vyembamba vikijaza nafasi, udongo katikati. Nilijua ncha za miti zilizotokeza ukutani. Nilijiuliza walipikia wapi, na moshi ulipita wapi.

Katika biashara yetu ya huku mtu asiyeweza kujaza kontena peke yake anachangia na wenzake, na mwenye sehemu kubwa ndiye anayeamua kipi kinaingia na kinakaa wapi. Mwaka ule mwenye sehemu kubwa alikuwa Haji Sudi wa Unguja, mtu wa makamo, mpole, muuza miswala na kofia, ambaye ndiye aliyekuwa akitusalisha wakati wa tarawehe. Mwingine alikuwa Mama Rehema wa Kariakoo, mwenye jinzi na mdomo. Siku moja Haji Sudi alikuja kula mchana. Alikuwa ameshakula nusu ya samaki wake alipoinua macho kwenye ukuta, akaacha kutafuna.

“Zuhura mwanangu, ile picha umeitoa wapi?”

Bi Zuhura akamweleza kwa furaha, akidhani anasifiwa. Haji akaosha vidole vyake kwenye bakuli, akasema kwa upole kwamba zile ni nyumba za kina Thamud. Alituhadithia kisa ambacho sote tulikisoma chuoni utotoni: watu wenye nguvu waliokata majabali wakayafanya nyumba, wakamkaidi Nabii Swaleh, wakamchinja ngamia waliyeambiwa wasimguse, wakaangamizwa kwa ukelele mmoja, na nyumba zao zikabaki tupu. Akatukumbusha kwamba Mtume alipopita kwenye magofu yao aliharakisha, na akawakataza wenzake kunywa maji ya visima vyao. Akatazama tena picha, yale mashimo ya mviringo. “Miswala ya watu kusalia siwezi kuipakia pamoja na picha ya waliokasirikiwa. Usinione vibaya.” Akamaliza samaki wake, akausifu, akaenda zake.

Kufika jioni jengo zima lilikuwa na habari. Nilizisikia nikiwa kwenye lifti na kapu la mboga. Mama Rehema alikuja kesho yake, akasimama mbele ya ukuta mikono kiunoni, akasema mtu akijifunika hilo usiku, asubuhi mkewe atamkuta jiwe. Watu wakacheka. Mwingine akasema afadhali, wapo waume ambao wakiwa mawe hakuna tofauti. Bi Zuhura naye alicheka nao, akawapakulia, na walipotoka akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mablanketi yalikuwa yameshatoka kiwandani. Kontena lilikuwa lifungwe kabla ya mwaka mpya wa Kichina, wakati kila kiwanda kinafunga na mji unabaki kimya. Yakikosa meli ile yangengoja miezi mpaka kontena jingine lijae, yafike baada ya baridi, na blanketi baada ya baridi ni malazi ya panya. Hakusema hayo. Alisema tu, akiuangalia mlango, kwamba mzigo ukikataliwa atarudi Tanga, nami nitarudi naye. “Sina uso wa kuanza tena kuwatembeza watu madukani, huku wanajua mzigo wangu ulibaki.” Nilikwenda jikoni. Sikutaka kurudi. Chumba kile chenye ukuta wa jasho kilikuwa mahali pa kwanza ambapo ukimya wangu haukuwa ugonjwa wa kuombewa dua.

Jumapili alikuja Emanueli, kijana wa Dodoma aliyekuwa akisomea mambo ya miamba kwa ufadhili. Kila akitoka kanisani alipita kwetu kula ugali, na Bi Zuhura alikuwa na desturi ya kumwonyesha samaki mzima kwenye sahani na kumuuliza kama huko bara Dodoma wamewahi kumwona huyu akiwa na kichwa. Siku hiyo hakumtania. Emanueli alipouliza kuna nini, alimwonyesha ukutani kwa kidevu. Yeye akaangalia, akasema kwa mshangao kwamba picha hiyo anaijua, si hiyo hasa ila mahali kama hapo, walifundishwa darasani. Ni Marekani, kwenye nyanda za jangwa. Akatuonyesha kwenye simu majabali mengine ya huko, mengine yametoboka katikati kama pete, mengine yamesimama kama watu wanaosubiri basi. Alisema ni hifadhi, ina askari wake, ukiokota hata kigae cha chungu unaambiwa ukirudishe ulipokitoa. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Akatueleza namna mwamba unavyofanya mdomo. Mvua ikinyesha juu inazama taratibu ndani ya jiwe la mchanga, mpaka ikutane na tabaka lisilopitisha maji, basi inatafuta njia ya kando na kutokea usoni mwa genge. Wakati wa baridi maji hayo yanaganda, yanapasua jiwe vipande vipande, na pango linapanuka mwaka hadi mwaka. “Watu walipofika wakakuta kivuli, na nyuma kabisa wakakuta maji.” Nikaufikiria ukuta wetu nyuma ya blanketi.

Nilipomsindikiza mlangoni, tukiwa wawili tu, nilimuuliza wenyewe waliangamiaje. Akasema hawakuangamia. Walihama. Mvua zilikatika, pengine na ugomvi ulikuwepo, hakuna ajuaye yote. Wajukuu wao wapo mpaka leo, wanalima mahindi nchi ile ile upande wa kusini, na hawapendi kuambiwa kwamba mababu zao walitoweka. Nilimuuliza na habari za yale mashimo ya mviringo. Akanijibu.

Niliporudi ndani nilimwambia Bi Zuhura amwite Emanueli siku ya kikao cha kontena. Akatikisa kichwa. Kijana wa kanisani amsomeshe Haji habari za Thamud mbele ya watu? Hiyo ni kumvunjia mzee heshima, na hata akishinda atakuwa ameshindwa. Basi aseme yeye mwenyewe, nikamwambia. Akasema yeye ni mwenye mali, na mwenye mali akisema anatetea mali. Hakuniangalia mimi. Nadhani halikumjia hata wazo.

Kikao kilikuwa Ijumaa baada ya sala. Desturi ni kula kwanza, kisha kugawana nafasi, kwa sababu watu wenye njaa wanagombea hata pembe za maboksi. Wanaume walikaa kwenye sinia lao, wanawake kwenye lao, nami nilipika pilau siku hiyo kama mtu anayeaga. Walikula. Walizungumza habari za mvua Dar, za forodha, za kijana fulani aliyeoa Mchina na sasa anakula kwa vijiti hata ugali. Halafu Haji akafuta mdomo, akaanza kugawa. Miswala yake hapa, jinzi za Mama Rehema pale. Alipofika kwa Bi Zuhura alishusha sauti, akasema itabidi atafute kontena jingine, na Mungu atampa kheri humo. Bi Zuhura akasema, “Sawa, Haji.” Nilikuwa nimeinama mbele ya Haji na birika la maji na beseni, nikimnawisha. Alikuwa karibu, uso wake chini ya wangu. Nikajiambia huyu ni mtu mmoja tu. Wengine hawapo.

“Haji, kina Thamud walichonga,” nikasema. “Hawa wamejenga.”

Maji yaliendelea kumwagika kwenye beseni. Mama Rehema akasema, “Makubwa. Kumbe ana ulimi.” Haji akatega sikio. Aliniuliza nimesema nini, si kwa hasira, ni kwamba sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikaweka birika chini, nikaenda ukutani, nikalitoa blanketi kwenye misumari. Doa la kijani likabaki wazi mbele ya watu wote. Nikalitandika mbele yake, naye akatoa miwani mfukoni. Nikamwonyesha jiwe juu ya jiwe, udongo katikati, ncha za miti. Akazifuata kwa kidole, kama anavyofuata mstari wa msahafu. Akasema kina Thamud nao walijenga, walikuwa na makasri kwenye tambarare. Nikamwambia, kweli, Haji, kwenye tambarare, na majabalini walichonga, lakini hawa wako jabalini na bado wamejenga.   Kisha kidole chake kikashuka kwenye lile ambalo nilikuwa naliogopa.

“Na visima hivi?”

Nilijua jibu, na nilijua halitatusaidia. Bi Zuhura alikuwa akinitazama.

“Si visima, Haji. Ni vyumba vya chini. Walikuwa wanakusanyika humo kwa ibada zao.”

Mtu mmoja nyuma akaguna. Haji akaitikia kwa kichwa, taratibu. “Watu wa dini yao, basi,” akasema. Akavua miwani. “Sasa kama hawakuangamizwa, wenyewe wako wapi? Mbona nyumba nzima nzima na hamna mtu?”

“Walihama, Haji. Mvua zilikatika. Wajukuu wao wapo.”

Akaitazama picha muda mrefu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, mikono yangu imelowa, na ndipo nilipogundua kwamba chumba kimejaa watu na wote wamenyamaza. Haji akasema, kama anayezungumza na blanketi, “Mtume wetu mwenyewe alihama.” Halafu akainua macho akatuzungukia mmoja mmoja, yule wa Tanga, yule wa Kariakoo, yule wa Mombasa, sufuria zetu, viatu vyetu vilivyojaa mlangoni. “Na humu ndani nani hajahama?”

Hakuwa mtu wa kugeuka mara moja. Alisema mablanketi yataingia, ila yakae karibu na mlango wa kontena, na miswala yake ikae ndani kabisa, kwa sababu moyo wake bado haujatulia vizuri na hataki kuudanganya. Bi Zuhura akasema sawa, sauti ile ile aliyosema nayo sawa ya kwanza, ila mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa mkeka. Mama Rehema akasema kama yatakuwa mlangoni basi laana ya Thamud itawapata wapakuzi kwanza, akaniambia nimletee chai, na nilipomletea akanisogezea nafasi nikae.

Mablanketi yalipelekwa Njombe, ambako hakuna aliyeuliza ni nyumba za nani. Waliuliza kama ni mazito. Bi Zuhura aliishi hapa miaka mingine kadhaa kabla ya magoti kumrudisha Tanga, na siku ya kuondoka alifunga kila kitu isipokuwa ile sampo. Alisema hilo halina faida tena, nibaki nalo, linaficha doa. Baadaye nilipaka rangi ukuta, nikalikunja nikaliweka juu ya kabati. Nilimwona mara ya mwisho kwenye simu, siku za Idi. Aliniuliza kama bado ninaunguza vitunguu.

Siku ya khitma waliokuja hawakuzidi mikeka sana. Jengo letu siku hizi lina milango mingi iliyofungwa, wengi wamerudi, wengine wamekwenda Uturuki, wengine Dubai. Haji yuko Unguja, alituma sauti ya dua, tukaisikiliza. Blanketi sikulitandika chini. Nilipapasa ukuta nikakuta misumari bado ipo chini ya rangi, nikalitundika pale pale. Tulipomaliza kusoma, Salma, binti mgeni anayenunua nywele za bandia, alikuwa amekaa chini yake ameinua shingo. Ni msichana anayeongea kwa kunong'ona, nami hali hiyo naijua.

“Dada Hawa,” akasema, “nyumba nzuri hivi, mbona tupu? Walikufa wote?”

Nikamjibu kwa sauti ya kumfikia hata aliyekaa mlangoni.

“Walihama. Wajukuu wao wapo.”

Kisha nikaenda kupakua pilau.